Albano Nambunga, Mkata Miti Aliyefia Kitandani Mwake

Padre wetu, wazee, majirani wa Kimara, mafundi wa Keko, nanyi mliotoka Chang'ombe kuja kutushika mkono: ahsanteni kwa kufika. Kabla hatujamweka mzee wetu mahali pake, familia inataka kuondoa jambo moja njiani. Baadhi yenu mko nasi tangu juzi. Mmemwona mjane ametulia mkekani, anaitikia salamu, anauliza wageni kama wamekula, hata anacheka watani wanapomwigiza marehemu. Na minong'ono ya jikoni imetufikia, kwamba Mama Margareta ana moyo wa jiwe. Hana. Mama Margareta ameshusha pumzi, basi, na kwa nini ameshusha pumzi ndicho wasifu huu utakachoeleza. Mvumilieni msomaji hata jua likiwa kali.

Albano Nambunga alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika kijiji cha Mdenga, karibu na Ndanda, wilayani Masasi, mkoani Mtwara. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Fulgensi Nambunga na Mama Skolastika, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mama Skolastika alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kupanda kabla hajajua kutembea. Familia imelichunguza neno hilo na kuona limetiwa chumvi ya mzazi, lakini si chumvi tupu. Siku moja ya msimu wa korosho, Albano akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, alipotea tangu asubuhi. Kijiji kizima kilitoka kumtafuta, visima vikachunguliwa, mama akaanza kulia. Alikutwa kwenye panda ya mkorosho nyuma ya jiko la kwao, amelala fofofo, mdomo na kifua vimejaa maji ya mabibo. Alichapwa kidogo, akabembelezwa sana.

Elimu ya msingi aliipata Ndanda kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Walimu walimsifu kwa hesabu na michoro, na kwa kuimba walimwomba anyamaze. Baadaye alijifunza useremala kwa miaka miwili katika karakana ya misheni. Mwaka 1979 alipanda basi kuja Dar es Salaam, akafikia Keko kwa kaka wa ukoo aliyekuwa na banda la fanicha kando ya barabara, akaanza kazi kesho yake.

Hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu mashahidi wako mstari wa pili na tayari wameanza kutabasamu. Albano hakuwa seremala mzuri. Vitanda vyake vililia. Mteja alikuwa akichukua kitanda Ijumaa, Jumatatu anakirudisha, anamvuta fundi pembeni na kumweleza kwa aibu kwamba nyumba ni ya kupanga na kuta ni nyembamba. Albano alipigilia misumari, alipaka gundi, aliongeza vyuma, na kitanda kikazidi kulia. Mwaka 1986 mteja mmoja wa aina hiyo, baada ya kukata tamaa na kitanda, alimuuliza kama walau anaweza kumwondolea mjohoro uliokuwa umelalia ukuta wake. Albano alikwenda na shoka na kamba ya kuazima. Aliushusha mti ule tawi kwa tawi, na ukuta haukupata hata mkwaruzo. Hakurudi tena kwenye randa, na wenzake wa Keko wanasema walimsindikiza kwa furaha ya kweli.

Kuanzia hapo hadi alipostaafu, mzee wetu aliishi kwa miti ya watu, kutoka Kimara na Mbezi hadi Temeke na Mbagala. Wengi mliopo hapa mlimwita nyumbani kwenu, kwa hiyo mnaijua namna yake. Alikuwa haanzi na panga. Alikuwa anaanza na salamu, halafu anaomba kiti. Anakaa, anautazama mti, anauliza nani hupumzika kivulini mwake, nyumba ya jirani ni ya nani, na kibali cha serikali ya mtaa kiko wapi. Kisha anasema atarudi kesho. Jambo hilo liliwaudhi watu wengi, maana mwenye nyumba alishajiandaa kusikia mashine, na alichopata ni mtu mzima amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa maji. Kuna waliomkimbia wakachukua vijana wanaopita mitaani na mapanga begani, na baada ya siku chache wakampigia simu aje aondoe tawi lililokaa juu ya gari la jirani. Alikuja. Hakuwasimanga, ila alikuwa anaomba kiti kama kawaida.

Miti mingi aliyoitiwa kuikata hakuikata. Aliipogoa, aliifukuzia mchwa, aliipunguzia uzito upande wa nyumba, akamwambia mwenyewe asubiri. Alikosea pia, kama binadamu. Mnazi aliouhesabu vibaya hapa hapa Kimara ulikwenda moja kwa moja kwenye banda la kuku la Bi Mwajabu, jirani yetu. Alimjengea banda jipya kwa mikono yake mwenyewe, na Bi Mwajabu anasema mlango wa banda lile ulilia miaka yote kuliko kuku.

Sasa tufike kwa Mama Margareta.

Margareta alikuwa binti wa Mzee Valerian Chikoyo, mchonga vinyago wa Temeke, mtu mpole ambaye alikuwa na jambo moja tu lisilozungumzika. Mdogo wake Mzee Valerian alikuwa mgema. Alianguka mnazini akafa, na habari zililetwa nyumbani na watu baki ambao hawakujua hata jina la waliyembeba. Kwa hiyo Albano alipotuma mshenga mara ya kwanza, jibu lilikuwa fupi: binti hatolewi kwa mtu wa juu. Mara ya pili jibu likawa lile lile. Mara ya tatu Albano alikwenda mwenyewe, jambo ambalo si desturi, akakaa chini mbele ya mzee, akasema kwamba kazi hana nyingine na mchumba hataki mwingine.

Mzee Valerian aliendelea kuchonga kwa muda, halafu akaweka patasi chini. "Basi nina sharti," alisema. "Kamba utakayopandia, Margareta aipitishe mikononi kwanza, yote, kila siku ya kazi. Asipoishika, hupandi. Sijali nani kakuita."

Albano alikubali. Sharti lile likasemwa tena mbele ya koo mbili siku ya kutoa mahari, ili asije mtu kusema hakusikia. Walifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1988, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Noela. Mpwa wa Albano, Bernadeta, anayewasomea maneno haya, alilelewa katika nyumba hiyo hiyo na hakuwahi kuambiwa kwamba si mtoto wa nne.

Sisi tuliokulia pale tuliamka kila siku ya kazi tukamkuta Mama ameshanyoosha miguu kwenye mkeka uani, kamba imelala pembeni yake, naye anaipitisha viganjani taratibu, macho ameyafumba, kama mtu anayechambua mchele gizani. Kidole kikikutana na uzi uliolegea, alikuwa haulizi. Anachukua kisu cha jikoni anakata hapo hapo, hata kama kamba ni ya juzi. Mzee alilalamika, alishika kichwa, alisema mke huyu atamfilisi, lakini hakuwahi kutoka na kamba aliyomficha. Vipande vilivyokatwa viligeuka kamba za kuanikia nguo, na kuna wakati nusu ya nguo za mtaa wetu zilikuwa zinaning'inia kwenye hofu ya Mama Margareta. Bi Mwajabu akipita alikuwa anamtania: "Aliye juu mngoje chini, na wewe shoga yangu umeshatandika na mkeka kabisa."

Mama alicheka, lakini hofu yake haikuwa ya utani. Aliogopa kitu kimoja maishani: kwamba siku moja Albano ataletwa. Hakuogopa kuugua kwake, wala uzee, wala umaskini. Aliogopa kuwa mahali pengine, anapepeta unga au anasubiri maji bombani, wakati mumewe anafika chini bila yeye. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na geti letu lilimfanya aache alichokuwa anafanya.

Inatupasa tukiri kwamba mzee alianguka mara moja. Ilikuwa mkesha wa Krismasi mwaka 2009. Balbu ya sebuleni ilikuwa imeungua. Mama alimwambia amsubiri Noela amshikie stuli, yeye akajibu kwamba mtu aliyeshuka kwenye miti ya mikungu ya Temeke hashikiwi stuli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwake ulivunjika mkono. Stuli yenyewe alikuwa ameitengeneza yeye. Mama alimfunga kitambaa, akamkalisha, halafu akaingia chumbani akacheka mpaka akakosa pumzi. Baadaye alisema kwamba aliona kama deni lake na Mungu limepunguzwa kwa huruma.

Lakini sharti la Mzee Valerian lilikuja kupimwa kweli kweli Jumamosi ya tarehe 12 Aprili 2014. Wiki hiyo Mzee Valerian mwenyewe alikuwa amefariki huko Ndanda, alikorudi uzeeni, na Mama alikuwa amesafiri kwenda kumzika. Mwenye sharti alikuwa kaburini na mshika kamba alikuwa matangani. Dar es Salaam mvua ilikuwa inanyesha bila kuvuta pumzi. Mke akiwa safarini, Albano alikuwa hapandi. Alikuwa anafanya kazi za chini tu, au analala. Asubuhi ile gari lilisimama getini akiwa amelala.

Aliyekuja alikuwa Bwana Taiyeb, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chang'ombe, ambaye yuko nasi hapa leo na ametupa ruhusa ya kulisimulia hili. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu ambao Albano alikuwa akiupogoa tangu enzi za baba yake Taiyeb. Baba huyo alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Na sasa mkungu ulikuwa umepasuka kwenye panda yake, nusu nzima imeegemea paa la chumba cha nyuma, na ndani ya chumba hicho alikuwemo Bi Lubaba, mama yake Taiyeb, akiwa kwenye eda.

Bi Lubaba hakutaka kutoka. Sheikh wao alishapigiwa simu, akasema kwamba penye hatari mjane anaruhusiwa kutoka, tena anatakiwa atoke. Mama yule akajibu kupitia mlangoni kwamba hapingani na sheikh. Amechoka tu. Kitanda hicho ndicho alichomuuguzia mumewe, na kama Mungu ana haja naye, amkute hapo hapo. Taiyeb alibembeleza, alilia, ndipo akakimbilia Kimara.

Albano alifika Chang'ombe na mwenzake wa kazi, Mudathir, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuiva. Safari hii hakuomba kiti. Aliona mara moja kwamba njia ipo: mtu apande nusu iliyobaki imesimama, afunge tawi lililopasuka, wengine walivute kutoka chini liende upande wa uani. Ilikuwa kazi anayoiweza. Lakini kamba ilikuwa kwenye gunia tangu Mama aliposafiri, haijapita mkononi mwa mtu.

Mudathir alijitolea. "Niache mie nipande, mzee. Mie sina hata mke," alisema. Albano akamwambia kwamba sharti halikutaja jina la mpandaji, na akamwondoa karibu na shina. Taiyeb akakimbia dukani kwake, akarudi na bunda la kamba bado limo kwenye nailoni.

"Mzee Albano, hii hapa mpya kabisa. Haijaguswa na mtu."

"Ndiyo ubaya wake," Albano alijibu.

Taiyeb anasema leo kwamba wakati ule alitamani kumpiga, na sisi hatumlaumu. Mti ulikuwa unalia juu ya chumba cha mama yake, na fundi aliyemwamini alikuwa amesimama mvuani anatafuta mtandao wa simu.

Simu ilimpata Mama Margareta uani kwa marehemu baba yake, wametoka makaburini, miguu bado ina udongo. Aliisikia mvua kabla hajaisikia sauti. Alichouliza kwanza ni kama ameshapanda. Albano akamwambia bado, akamweleza yote, haraka haraka.

"Ukisema nisipande, sipandi," alisema. "Ila kuna mtu ndani, Mama Noela. Sijui kama nitaweza kusimama hapa nimtazame."

Mama ametuambia mara nyingi kwamba pale ndipo alipoogopa kuliko siku zote. Aliijua sauti ile. Ahadi angeitunza dakika moja, mbili, kisha paa lingelia zaidi na miguu yake ingekwenda yenyewe. Kumkataza ilikuwa ni kumwachia mzigo asioweza kuubeba, na kumruhusu ilikuwa ni kile kitu chenyewe alichokiogopa tangu alipoolewa. Akasema, "Nipe huyo mama."

Taiyeb aliipeleka simu, akaipenyeza mlangoni, akabaki amesimama pale pale. Na wanawake wale wawili, mmoja chini ya mti uliopasuka na mwingine mbali huko Masasi, wakaanza kusalimiana kama inavyotakiwa. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Poleni na msiba. Tumeshapoa, nasikia nawe umefiwa na baba, pole sana. Aliugua? Aliugua kidogo. Taiyeb nje alikuwa anakanyaga maji kama mtu aliyesimama juu ya siafu.

Kisha Mama Margareta akasema: "Mama, mume wangu ana huruma. Wewe ukibaki humo ndani, atapanda. Kamba yake leo sijaishika. Mie nimetoka kumzika baba yangu sasa hivi. Mungu anisamehe kwa neno hili, lakini sitaki kurudi Dar kuwa kama wewe."

Neno likishamtoka, Mama akaanza kujilaumu kwa kumwambia mfiwa maneno makali namna ile. Lakini Bi Lubaba hakukasirika.

"Hakuna anayetaka kuwa kama mimi, mwanangu," alisema. "Mwambie asipande. Natoka."

Albano aliposikia, alipaza sauti kuamuru wanaume wote wageukie ukutani: Mudathir, majirani, vijana wa dukani, hata muuza kahawa aliyesimama getini kuangalia. Wote wakageuka, pua kwenye ukuta, mvua mgongoni, na mti uliopasuka nyuma yao. Mudathir anaapa kwamba hajawahi kuogopa hivyo juu ya mti wowote. Walisikia mlango ukifunguka. Walisikia ndara zikipita taratibu kwenye maji, zisizo na haraka hata kidogo, zikielekea nyumba ya wifi yake upande wa pili wa ua. Mlango wa wifi ukafungwa. Hakuna aliyegeuka bado, kila mmoja anasubiri aambiwe, ndipo kishindo kikaja. Mkungu ulipitia paa ukatua kitandani.

Hakuna aliyepanda siku ile, na hakuna aliyefiwa. Albano alipiga simu Ndanda, akasema kwamba mti umeshuka wenyewe, mama wa watu yuko kwa wifi yake anapewa chai. Mama akauliza, "Na wewe?" Akajibu, "Mie sijaenda popote." Mama Margareta alicheka kwa sauti katikati ya msiba wa baba yake mzazi, na shangazi zake wakamkemea. Alijitahidi kuacha akashindwa. Kwa hiyo mnaona kwamba mambo haya ya kucheka msibani hayakuanza juzi.

Eda ilipokwisha, Bi Lubaba alimwita Mama nyumbani kwake. Walikaa tangu saa za asubuhi hadi alasiri na hakuna ajuaye walichozungumza. Baada ya hapo kila Idi sinia lilikuja Kimara, na kila Krismasi sinia lilikwenda Chang'ombe, hadi Bi Lubaba alipotutangulia mwaka 2021. Mzee Albano alimlilia kama dada.

Mzee alistaafu kupanda mwezi Juni mwaka 2019, magoti yalipoanza kubishana naye. Kazi alimwachia Mudathir, ambaye sasa ana mke na timu yake, na mashine mbili za chensoo. Mzee alibaki kuwa wa kwenda kutazama na kushauri, yaani wa kuomba kiti. Mama alidhani atalala usingizi sasa, lakini hofu ya miaka mingi haina adabu, haiondoki kwa kuambiwa. Bado gari likipunguza mwendo getini aliinua kichwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mzee alianza kusumbuliwa na mkojo. Vipimo vilionyesha saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshasafiri hadi kwenye mifupa. Alitibiwa kwa uvumilivu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia. Awamu moja alilazwa ghorofa ya nne. Mama aliposhuka kwenye lifti na kuona dirisha, alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi wa zamu kuomba mumewe ashushwe wodi ya chini. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba kuna kuta, kuna kitanda chenye vizuizi, na mgonjwa hawezi hata kukaa mwenyewe.

"Najua, mwanangu," Mama alimwambia. "Lakini nilimwomba Mungu amchukue akiwa chini, na sitaki kumchanganya."

Muuguzi yule alicheka, halafu akaona Mama hacheki. Hakukuwa na nafasi chini, lakini alileta kiti, na Mama akakaa kati ya kitanda na dirisha usiku na mchana hadi mgonjwa aliporuhusiwa. Mzee alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kufungwa kamba imara kama ile.

Mwezi Julai mwaka huu madaktari walisema yaliyobaki ni ya kumtunza nyumbani. Tulimrudisha Kimara. Siku zake za mwisho hazikuwa na mbio. Alipokea Komunyo, alipatana na kaka yake waliyenuniana kwa muda mrefu kwa ajili ya shamba la korosho, alimwomba msamaha Bi Mwajabu kwa mara nyingine kuhusu banda la kuku, na alimweleza Mudathir ni miti gani ya wateja wake itatakiwa kupogolewa kabla ya vuli. Maumivu yalikuwepo, hatuwafichi, lakini dawa zilikuwepo pia, na Mama alikuwepo.

Alhamisi ya tarehe 14 Agosti 2025, asubuhi, alikunywa uji vijiko vichache. Aliomba dirisha lifunguliwe. Mama alikaa pembeni yake kitandani, akamshika mkono, na mzee akalala. Pumzi zake zikawa ndefu, kisha za mbali mbali, kisha Mama akangoja nyingine na haikuja.

Hakupiga kelele. Alitoka uani tulikokuwa tunaosha vyombo, akasema, "Baba yenu ameondoka. Nilikuwa nimemshika." Noela alimkimbilia akamkumbatia, akamwona macho makavu, akaogopa. Akamwambia, "Mama, lia. Usijibane, utaugua."

Mama akamkalisha chini. Yafuatayo ndiyo maneno yake, na ndiyo jibu la familia kwa wote wanaomshangaa.

"Mwanangu, baba yako nimemlilia tangu nilipoolewa. Kila asubuhi akishatoka getini nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba nalia kidogo, nanawa uso, naendelea na kazi. Nyie mlikuwa hamjui, na yeye hakujua. Nimemlilia akiwa mzima mpaka yakaisha. Leo kwa mara ya kwanza ninajua yuko wapi."

Marehemu ameacha mjane, Mama Margareta, watoto watatu, Noela, Tupokigwe aliyepewa jina la rafiki wa mama yake wa Mbeya, na Edgar; mpwa aliyemlea, Bernadeta; wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili, pamoja na Mudathir, ambaye hatujui tumweke kundi gani isipokuwa la watoto. Ameacha pia miti mingi ambayo ingekuwa kuni kama si yeye, na mnaopumzika chini yake mnajijua.

Mungu wa rehema ampokee Albano. Na ardhi, ambayo mke wake aliiogopa kwa niaba yake miaka yote hii, impokee leo taratibu.